Uliza Mzee wa Barabara: Watoto, bampu na haki ya mwenye miguu

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: mtu asiye na gari apite wapi katika Mombasa hii. Kazi yangu kabla sijastaafu ilikuwa kupima na kuchora barabara, na hadi leo nikitembea mjini macho yangu huenda chini, kwenye ukingo na mtaro, kabla hayajakwenda kwa watu. Basi nimeona nizijibu pamoja. Majina nimeyaacha, kama wenyewe walivyoomba.

Asalaam aleikum mzee wetu. Nakaa Mshomoroni, nina watoto watatu. Shule yao iko ng'ambo ya barabara. Zebra ilichorwa zamani, sasa imebaki mistari miwili mitatu karibu na mtaro. Matatu hazisimami, bodaboda ndio kabisa. Juzi mtoto wa jirani amegongwa na tuktuk akavunjika mguu. Wazazi tumekaa kikao: wengine wataka tuchange tuweke mtu wa kuwavusha watoto, wengine wataka zebra ipakwe rangi upya, wengine wasema bampu. Tuanze na lipi? — Mama wa watoto watatu, Mshomoroni

Waaleikum salaam binti yangu. Pole kwa jirani, Mungu amponye mtoto, mguu uunge sawasawa.

Kabla hamjachagua, naomba kikao chenu kielewe hesabu moja. Mimi huianza kila mahali ninapoalikwa, na wanaume wanaojiona wajuzi wa magari hunyamaza wakiisikia.

Chukua gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa. Huo ndio mwendo wa juu kabisa ambao Sheria ya Trafiki ya Kenya inauruhusu mjini, kwa hiyo dereva huyu hajavunja sheria. Kila sekunde gari lake linakula karibu mita 14. Dereva mwenye macho mbele na simu mfukoni huhitaji kama sekunde moja kutoka kumwona mtoto hadi mguu kukanyaga breki. Kwa hiyo mita 14 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Halafu, lami ikiwa kavu na tairi zina meno, zinatakiwa nyingine 14 gari lisimame. Jumla mita 28. Gari la kilomita 30, sekunde hiyo ya kushtuka linakula mita 8 na kidogo, na breki zinalimaliza ndani ya mita 5. Jumla 13.

Sasa mweke mtoto wako mita 14 mbele ya kila gari. La pili limesimama, dereva amemfokea, mtoto amefika shule. La kwanza linamfikia likiwa bado na ile 50 yote, maana breki ndiyo kwanza inaguswa. Dereva ni yule yule na breki ni zile zile. Ni kilomita 20 tu za mwendo zilizotofautisha. Na nimehesabu kwa lami kavu. Mvua ya mwaka ikishuka, ongezeni.

Kwa hesabu hiyo, mwaka 2020 mawaziri wa nchi nyingi walikutana Stockholm, Uswidi, wakatoa tamko kwamba mahali watu wa miguu na magari huchanganyika kila siku, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mbele ya shule yenu ni mahali pa namna hiyo hasa. Shirika la Afya Duniani linatwambia ajali za barabarani ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko maradhi yoyote. Tuliwachanja watoto hawa wakiwa wachanga tukadhani tumewakinga.

Basi turudi kwa mapendekezo yenu matatu.

Rangi peke yake haimpunguzii mtu mwendo. Sheria inamtaka dereva ampishe mtu aliye kwenye kivuko, lakini dereva anayekuja na 50 akiona mistari hana tena nafasi ya kutii hata akitaka. Zebra kwenye barabara ya kasi humpa mtoto moyo wa kuingia barabarani bila kumpa kinga. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu ni jambo la kwanza linalofanywa baada ya kila ajali: linakuja gari na ndoo ya rangi, picha zinapigwa, na baada ya masika mistari imekwenda na maji.

Mtu wa kuwavusha ni jambo jema, mchangieni. Lakini yeye atakuwapo asubuhi na wakati wa kutoka shule. Watoto wenu baada ya alasiri wanakwenda chuoni kusoma Kurani, Jumamosi wanatumwa dukani, jioni wanafuata mpira. Barabara ile ile, saa ambazo hakuna mwenye bendera.

Mimi ningewaambia muombe kivuko kilichoinuliwa. Ni tuta pana lenye mgongo bapa, limeinuka sentimita 10 hivi, na zebra yote imekaa juu yake. Gari linapanda kwa mteremko upande huu na kushuka upande ule, kwa hiyo dereva anapunguza mwendo apende asipende. Mtoto anavuka bila kushuka ukingoni, naye anaonekana zaidi. Juu paweke kabro, yale matofali ya zege ya kutandika, badala ya rangi tupu, kabro za rangi mbili, ili mistari ikae miaka.

Pili, ombeni ukingo utokezwe. Kama barabara ina upana wa mita 9, na ukingo ukatokezwa mita moja na nusu kila upande hapo kwenye kivuko, mtoto atavuka mita 6. Mtoto mdogo hutembea kama mita moja kwa sekunde. Mmempunguzia sekunde 3 za kuwa mbele ya magari. Na ukingo ule uliotokeza unazuia tuktuk kuegesha mdomoni mwa kivuko. Hilo la kuegesha lichungeni sana, kwani mtoto wa miaka sita ni mfupi kuliko tuktuk. Akichomoza nyuma yake hakuna dereva aliyemwona. Nisingeshangaa kama yule wa jirani yenu aligongwa hivyo.

Haya yamekwisha kufanywa, wala si mbali. Dar es Salaam, shirika la Amend limekuwa likikagua shule moja moja zilizo kando ya barabara hatari na kutengeneza vitu vya gharama ndogo: njia ya miguu iliyotengwa kwa nguzo, matuta, vivuko, na pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kulipeleka uchochoroni. Utafiti uliofuatia ulikuta majeruhi miongoni mwa watoto wamepungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipewa tuzo ya kimataifa ya miji. Hilo la geti nimelipenda kuliko yote. Ulizeni shule yenu: lazima geti litazame barabara?

Sasa barua. Kwanza jueni barabara ni ya nani. Zile kuu zinazokwenda Malindi, Nairobi na Lunga Lunga ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa. Za ndani ya mitaa ni za kaunti, na baadhi ya zile kubwa za mjini ziko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Msipokuwa na uhakika, pelekeni barua moja kaunti na nakala kwa hao wengine, muone nani atajibu si yake.

Msiandike kwamba “barabara ni hatari sana”. Kila barua inasema hivyo. Andikeni hesabu. Pimeni mita 50 kando ya barabara, wekeni alama mbili, mmoja akae na saa ya simu. Gari likikata mita hizo 50 kwa sekunde 6, linakwenda 30. Likizikata kwa sekunde 3.6, linakwenda 50. Chini ya hapo, linavunja sheria. Fanyeni asubuhi moja, andikeni magari mangapi, watoto wangapi walivuka, wangapi walipishwa. Chora ramani kwa mkono: geti, zebra, mtaro, steji, kioski. Mhandisi akipata karatasi kama hiyo hawezi kuiweka chini ya nyingine, mimi najua, zimewahi kunifikia.

Na pelekeni mapema. Mpango wa maendeleo wa kaunti unatakiwa uwe mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 1 Septemba, kwa matumizi ya mwaka wa fedha unaoanza Julai inayofuata. Mkija Aprili bajeti ikisomwa, mtaambiwa hakuna fungu, na watakuwa wanasema kweli. Mkinyamaziwa, ombeni kwa maandishi mjulishwe barabara hiyo imepangiwa nini. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Wasipojibu, malalamiko yanakwenda Tume ya Haki ya Utawala.

Mzee, mimi ni dereva wa tuktuk, napiga Majengo, Tudor mpaka Mwembe Tayari. Bampu zimezidi. Kila kichochoro kina yake, nyingine watu wamezijenga usiku kwa saruji bila hata rangi. Tuktuk ina gurudumu moja mbele, likipanda lile jiwe abiria wote wanaruka. Nimewahi kumbeba mama mjamzito akalia njia nzima. Fundi ananila pesa kila mwezi. Kwani lazima tuumizwe ndio tuende polepole? — Dereva, Majengo

Kijana wangu, una haki, na nataka wale waliomwaga saruji usiku wasome jibu hili.

Nimekwenda kuitazama moja ya bampu hizo, siitaji mtaa. Upana wake haufiki unyayo wangu mmoja. Ndani mna kokoto na vipande vya matofali, juu saruji imepigwa kwa mkono, unaona alama za vidole. Imekatiza barabara kutoka ukuta hadi ukuta, na maji ya mvua iliyopita yalikuwa bado yamesimama nyuma yake, kijani. Walioijenga walikuwa na sababu. Mtu hakeshi na koleo bila sababu. Lakini bampu nyembamba kama hiyo ina kasoro kubwa: humwadhibu anayekwenda taratibu. Ukiipita polepole, gurudumu linapanda lote na kushuka lote, mwili wote unaruka. Dereva wa gari zito akiipiga kwa kasi, springi zinaimeza, hasikii sana. Sasa tumemfunza nini?

Tuta linalofaa ni jambo lililofanyiwa kazi na watu wenye elimu. Mmarekani Arthur Compton, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1927, ndiye mmoja wa wa mwanzo kukaa na kalamu kuchora tuta la kupunguza mwendo. Ilikuwa mwaka 1953, magari yalikuwa yakipita kwa kasi katika chuo kikuu alichokiongoza huko St. Louis. Baadaye, miaka ya 1970, maabara ya barabara ya Uingereza ilijaribu maumbo mengi ikatoka na tuta la mviringo lenye urefu wa mita 3.7 kutoka linapoanza hadi linapokwisha, na kimo cha sentimita 10 pale katikati. Piga picha: ni refu karibu mara moja na nusu ya tuktuk yako. Ukilipita kwa 25 au 30, unapanda na kushuka, abiria anaendelea na mazungumzo yake. Ukilipita kwa 50, linakurusha. Anayeumia ni mwenye kasi, na hivyo ndivyo tuta linavyotakiwa kuwa.

Kwa hiyo usiombe bampu ziondolewe zote, kijana wangu. Omba zitengenezwe. Ziwe ndefu, ziwe na rangi inayong'aa usiku na alama ya kuonya kabla hujafika, pawe na upenyo mtaroni maji yapite. Kwenye upenyo huo isimikwe nguzo fupi, la sivyo bodaboda watautumia kukwepa tuta, na pale ndipo watu wa miguu wanapopita.

Ziko nchi wanaweka vitu mfano wa mito midogo katikati ya barabara badala ya tuta zima. Gari la wagonjwa lenye ekseli pana linapita magurudumu yakiwa pande mbili za mto, halitikisiki. Nimewahi kusikia mtu akipendekeza tuvilete hapa. Mimi nilipinga, na naendelea kupinga, kwa sababu hiyo hiyo uliyoiandika: gurudumu lako la mbele liko katikati. Wewe ndiye ungepanda mto kila mara. Ukiukwepa, ungebana ukingoni kwa watoto. Kitu kilichochorwa kwa ajili ya mji usio na tuktuk kisiletwe mji ambao tuktuk ndiyo usafiri wa watu.

Na ziko njia za kukupunguza mwendo bila kukutikisa. Barabara nyingi zetu zimechorwa pana kupita haja. Basi kubwa halizidi mita 2.6 kwa upana. Njia ya mita 3 linatosha. Ukimpa dereva mita 4 anajiona yuko barabara kuu ya Mombasa–Nairobi. Ile mita moja iliyozidi ikipewa njia ya miguu, au kisiwa katikati ambapo mtu anavuka upande mmoja, anasimama, kisha upande wa pili, mwendo unashuka wenyewe. Njia zinazokwenda hospitali ndizo ningeanza nazo, maana mgonjwa aliyevunjika nyonga anasikia kila tuta.

Nami nina ombi kwako na wenzako: msisimame juu ya zebra kungoja abiria. Hata dakika moja.

Mamangu ni mtu mzima, magoti yanamsumbua. Hapa kwetu kuna daraja la miguu juu ya barabara ya malori, lakini yeye huvuka chini. Watu wanamtukana, wanasema wazee wakaidi ndio wanaojiua. Mimi mwenyewe nimemgombeza. Mzee, msaidie kumshauri. — Mtoto wake, Mikindani

Usimgombeze mamako. Ngoja tuhesabu pamoja.

Chini ya daraja lazima lori lenye kontena lipite. Kwa hiyo sakafu ya daraja inakaa karibu mita 6 juu ya lami. Ngazi za sentimita 15 kila moja, ni vipandio 40 kupanda na vingine 40 kushuka. Kwa magoti yale. Akiwa na kikapu. Na kama daraja lingekuwa na njia ya mteremko inayofaa kiti cha magurudumu, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za kwenda, ingekuwa mita 72 kila upande, jumla karibu mita 150 za kutembea ili avuke barabara anayoiona ng'ambo yake pale pale. Aliyelichora daraja alimfikiria mwenye lori, ambaye haimpasi kukanyaga hata breki. Mzigo wote wa kupanda na kushuka akapewa mwenye miguu.

Barabara ya malori ya bandarini, yenye njia nyingi na mwendo mkubwa, daraja linahitajika, sikatai. Lakini liwe na mteremko badala ya ngazi tupu, taa zinazowaka, na litue pale watu wanapokwenda: kwenye steji. Likitua mbali na steji watu watakata mkato kila siku, na hakuna ukuta utakaowazuia. Mahali ambapo barabara imekwisha kuingia kwenye makazi, afadhali magari yapunguzwe na watu wavuke chini kwa chini, kwa kivuko chenye taa za kuongoza au kilichoinuliwa.

Kwa sasa, mwambie mamako ashukie matatu upande wa nyumbani kila inapowezekana, hata kama ni kulipa zaidi kidogo kuzunguka. Jioni msindikize wewe. Na ile barua niliyomweleza mama wa Mshomoroni, hapo kwenu iende KeNHA.

Nina duka karibu na Markiti. Njia ya miguu ilitandikwa kabro nzuri, sasa magari yanapanda na kuegesha, pikipiki zinapita, wachuuzi wamejaza. Wateja wangu, wengine kina mama na watoto mgongoni, wanatembea barabarani. Nimechoka. Niungane na wenzangu tuitake kaunti iwafukuze wachuuzi? — Mfanyabiashara, Mombasa mjini

Ndugu yangu, wachuuzi umewataja mwisho lakini adhabu umewapa wao. Panga upya.

Anza na magari. Gari moja lililoegeshwa kwenye kabro linachukua mita 5 kwa karibu mita 2, na uzito wake unazamisha kabro. Ndiyo maana kabro zako zimeanza kuteremka na kushika maji. Nafasi ile ile ingewatosha wachuuzi watatu na njia ikabaki. Isitoshe, gari lina mahali pake pa kulipia maegesho. Dawa ni nguzo fupi za chuma au zege, zipandwe ukingoni, mita moja na nusu kutoka moja hadi nyingine: kiti cha magurudumu na mkokoteni mdogo vinapita, gari halipiti. Hazihitaji askari wala hazichukui chai.

Pikipiki ni ngumu zaidi, nguzo hazizizuii. Bodaboda hupanda njia ya miguu mahali barabara imejifunga, kwa hiyo angalia nini kinachofunga. Mara nyingi ni lori linaloshusha mzigo mchana kweupe. Wenye maduka mkikubaliana mizigo ishushwe alfajiri kabla ya saa moja, mtaona tofauti bila kumngoja mtu wa kaunti. Hilo liko mikononi mwenu, na pengine lori lenyewe ni lako.

Sasa wachuuzi. Ninachoomba ni njia tupu ya mita 1.8, isiyokatika, kutoka mwanzo wa mtaa hadi mwisho. Kwa upana huo viti viwili vya magurudumu vinapishana, au mama mwenye mtoto na mzee mwenye bakora. Chora mstari. Nje ya mstari huo, muuza viazi karai na muuza mahamri wakae. Mimi ninapenda wawepo. Mtaa wenye mtu anayekaanga viazi saa mbili usiku una macho na una taa, binti yako anapita bila hofu. Wakifukuzwa wote, wanarudi baada ya wiki na hakuna mstari wa kumwonyesha mtu.

Mstari huo unawahusu wenye maduka vilevile. Magunia ya mchele, majokofu, mabango ya simu, pipa la maji: vyote nje ya mstari. Nimetembea mitaa hiyo, na mara nyingi kitu cha kwanza kinachoniteremsha barabarani ni bidhaa za duka.

Maswali mafupi

*Kibokoni: magari hayapishani kwenye njia zetu. Je, baraza za nje zivunjwe njia zipanuke?* La, hasha. Njia zenu ndizo salama kuliko zote Mombasa, na sababu ni huo wembamba unaowasumbua. Dereva akiingia Ndia Kuu hahitaji kibao kumwambia aende polepole. Kuta ziko karibu, mlango unaweza kufunguka, mtu ameketi barazani. Mji wa Delft, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960 walianza kutengeneza kwa makusudi njia za namna hiyo, ambapo gari ni mgeni na lazima liende kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kufikia mwaka 1976 walikuwa wameziwekea sheria. Nyinyi mmezirithi. Ombeni njia iwe ya upande mmoja, ombeni magari yasiyo ya wakazi yaegeshwe nje ya Mji wa Kale. Baraza ziacheni.

*Tononoka: je, watu wa miguu nao hawana makosa?* Wanayo. Wapo wanaovuka wakitazama simu, wapo wanaovuka katikati ya magari ilhali kivuko kiko hatua chache. Lakini kosa la mwenye miguu linamuumiza mwenyewe, na kosa la dereva linamuumiza mwingine. Kenya inapoteza watu zaidi ya 4,000 kila mwaka barabarani na kundi kubwa kuliko yote ni waendao kwa miguu. Mimi nachora barabara kwa kutarajia kwamba watu watakosea, kwa kuwa watoto wamo.

*Bamburi: kivuko chetu kipo na madereva mchana husimama, lakini usiku ni giza, na tunaorudi Isha tunavaa buibui nyeusi.* Taa za barabarani katika mitaa ni kazi ya kaunti kwa Jadweli la Nne la Katiba, kwa hiyo hapa hakuna mtu wa kukutupia kwa mwingine, isipokuwa kama kivuko kiko juu ya barabara kuu yenyewe. Usiripoti kwamba “taa haziwaki”. Nenda mchana, soma namba iliyo kwenye nguzo iliyo karibu zaidi na kivuko, uandike, na ueleze kama taa imekufa, inawaka na kuzima, au haikuwahi kuwapo. Ikiwa haikuwahi kuwapo, omba taa mbili, kila moja iwekwe kabla kidogo ya kivuko kwa upande gari linakotoka, ili mwanga umpige anayevuka upande anaotazamwa na dereva. Taa ikiwekwa nyuma yake, dereva anaona kivuli. Wakija kuipanda, awepo mmoja wenu pale awaonyeshe.